Shangazi, tulale juu ya genge au chini mtoni?

Toleo lililopita nilidokeza kwa mstari mmoja tu kwamba majira ya joto yakifika mimi hupiga hema kwenye bonde la Mississippi, huku kwetu ambako Wisconsin, Minnesota na Iowa zinatazamana ng'ambo ya mto. Sikujua nimechokoza nyuki. Barua za safari hii karibu zote ni za mahema, kupe na treni. Wenye maswali ya ndoa wanisamehe, ndoa zao zisubiri mwezi ujao, zimeshasubiri mengi.

Shikamoo Shangazi. Tuko Cedar Rapids, tuna watoto watatu. Wenzao shuleni wanasimulia habari za kulala hemani na sasa nyumbani hatupumui. Mimi niko tayari. Ila baba yao alikulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu, na anasema turubai alishalilalia la kumtosha, hawezi kutoa dola zake kulilalia tena. Nikimtazama naona ana haki. Tufanyeje? Na tukienda, twende wapi?
*Mama wa watatu, Iowa*

Marahaba, mwanangu. Nianze na mumeo, maana hapo ndipo penye kazi. Ana haki, basi. Usimbembeleze, na usimwambie "hii ni tofauti". Tofauti hiyo yeye anaijua kuliko mimi na wewe. Mtu aliyesikiliza mvua ya Kasulu ikipiga plastiki usiku kucha hadaiwi na mtu kufurahia mvua ya Iowa ikipiga nailoni. Watoto nao waambiwe hivyo hivyo, kwa maneno ya umri wao. Wataelewa, na pengine ndiyo siku baba atakapowasimulia mambo ambayo hajawahi kuyasimulia.

Dawa yake ni kibanda. Kwenu hapo, kama saa moja kwenda kaskazini, iko hifadhi ya Backbone, ya kwanza katika hifadhi za jimbo la Iowa, iliyofunguliwa mwaka 1920. Mto Maquoketa umeuzunguka ukuta mwembamba wa mawe ya chokaa ambao wenyeji waliuita uti wa mgongo wa Shetani. Vipo vibanda vya kupanga vyenye vitanda, jiko na bafu. Baba atalala kitandani kama mtu mwenye kibarua chake, watoto wataparamia mawe mchana, na jioni mtakaa wote kwenye moto. Hiyo ni safari kamili. Asikwambie mtu kwamba bila kulala chini hujapiga kambi.

Lakini ukitaka magenge yenyewe, yale yanayowatoa watu Chicago, endesheni kama saa mbili mpaka McGregor. Iowa unayoijua ni bapa, mahindi mpaka macho yachoke. Kule ghafla barabara inaanza kuteremka na kupinda na masikio yanaziba. Sababu yake ni barafu. Enzi zile barafu kubwa zilipoteremka kutoka kaskazini zikisaga kila kilima zilichokikuta, mara ya mwisho zilikipita kando kipande hiki cha nchi hazikukigusa. Zilipoyeyuka, maji yake ndiyo yaliyochimba bonde hili. Ndiyo maana jirani zetu wana nchi kama meza na sisi tuna magenge ya futi 500, yaani kama mita 150, kutoka mtoni mpaka juu.

Sasa swali la juu au chini. Watu wengi hawajiulizi mpaka wameshalipa. Bonde hili halina katikati: kambi ama iko kichwani mwa genge ama iko miguuni.

Chini una maji. Watoto wanatupa ndoana bila kupanda popote, na kivuli hakikosekani. Lakini kuna reli, tena pande zote mbili za mto, kwa sababu mafundi wa karne ya 19 walitafuta mahali tambarare wakakuta ni hapo hapo tu, unapotaka kulala wewe. Treni za mizigo hazijui usiku. Kila penye njia ya kuvukia, dereva analazimika kupiga honi: mbili ndefu, moja fupi, moja ndefu. Sauti ikigonga genge inarudi tena kukuuliza kama umesikia. Hifadhi ya Perrot, pale Trempealeau, ni nzuri mno, na kupanda genge la Brady's Bluff alfajiri ni jambo ninalomwombea kila mtu. Ila mwenye usingizi mwepesi aende na pamba za masikio. Tena chini kuna baridi ya kushangaza. Usiku wa mbingu safi hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, hutiririka kutoka juu ikajikusanya bondeni. Mwezi wa tisa utaamka kwenye ukungu, hema linachuruzika, na huku walio juu wanaota jua.

Juu una upepo, na upepo ni adui wa mbu. Una macho pia: pale McGregor, katika hifadhi ya Pikes Peak, unasimama unaona mto Wisconsin ukiingia Mississippi katikati ya visiwa, pahala pale pale walipotokea Wafaransa Marquette na Jolliet na mitumbwi yao tarehe 17 Juni 1673. Jina la hifadhi ni la Zebulon Pike, yule yule mwenye mlima wa Colorado. Mwaka 1805 alipita hapa akapendekeza ijengwe ngome, wakubwa wakaenda kuijenga ng'ambo. Nawashukuru kila nikifika, maana genge limebaki na miti yake.

Ubaya wa juu ni mawili: radi na ukingo. Ngurumo ikisikika, wote garini, vioo juu. Si chini ya mti, si ndani ya hema. Na ukingo, ndugu yangu, mahali pengi hauna ukuta wala kamba.

Kwa hiyo nakupa hukumu yangu. Mara ya kwanza na watoto, nendeni Pikes Peak. Kambi iko juu lakini imekaa nyuma, mbali na ukingo. Hutaona mto kutoka hemani, utatembea kidogo tu mpaka penye uzio ndipo utazame. Kuna njia ya mbao inayokwenda mpaka maporomoko madogo ya maji, hata mtoto mdogo anafika. Iowa haikutozi kuingia getini pale, unalipia mahali pa kulala tu, na nafasi zinafunguliwa miezi mitatu kabla. Wakishazoea, vukeni daraja mwende Wyalusing, upande wa Wisconsin. Kule kambi ya Wisconsin Ridge ina viwanja vilivyo ukingoni kabisa, tai mweupe kichwa anapita chini yako. Chini yako, nimesema. Viwanja hivyo watu huviwahi miezi 11 kabla, siku ile ile vinapofunguliwa. Ukiwa na mtoto wa kukimbia-kimbia, chukua kambi ya pili, Homestead, iliyoingia msituni, na usione haya. Gari lenye namba za Iowa litatozwa zaidi ya gari la mwenyeji, msigombane na yule binti wa getini, hakupanga yeye.

Wyalusing lipo pia jiwe la ukumbusho wa njiwa. Ndiyo, njiwa: aina iliyokuwa ikipita hapa kwa makundi ya kufunika jua, wakawindwa mpaka wa mwisho Wisconsin akapigwa risasi mwaka 1899. Wapelekeni watoto wasome.

Na mkiwa McGregor msiache vilima vya Effigy Mounds, dakika chache tu kaskazini. Kulala hairuhusiwi, kuingia ni bure. Vilima zaidi ya 200 vilivyojengwa na mababu wa makabila ya wenyeji, baadhi kwa umbo la dubu na ndege. Vingine ni makaburi. Watoto wetu wanajua adabu ya makaburi. Wapite pembeni, wasikanyage.

Jambo mama. Mimi ni mtu wa Uvira, nimezaliwa kwenye mtumbwi, sasa niko Rock Island. Nimesikia kwamba visiwa vya mto huu mtu analala bure. Ni kweli ama wananidanganya?
*Mvuvi, Illinois*

Jambo sana, baba. Hawakudanganyi. Tangu mwaka 1924 serikali kuu inayo hifadhi ya wanyama na samaki kwenye mto huu, inaanzia kule Minnesota inateremka maili 261 mpaka karibu na hapo kwenu. Ndani yake unaweza kulala visiwani na kwenye fungu za mchanga bila kulipa na bila kuweka nafasi, mwisho siku 14. Msimu wa kuwinda bata kuna sehemu zinafungwa, kwa hiyo soma mabango kabla hujashusha mzigo.

Tanganyika umeijua, lakini ziwa si mto, na mto huu si mto tu, ni barabara ya malori ya majini. Boti moja inasukuma matishari 15 yaliyofungwa pamoja, mahindi na soya kwenda kusini, mbolea kurudi. Mzigo huo hausimami haraka, na nahodha aliye nyuma kabisa haoni kilicho chini ya pua yake. Ukiuona, toka kwenye njia yake mapema, usingoje upigiwe honi. Ukipita, maji kwanza yanavutwa kutoka ufukweni, halafu yanarudi na nguvu. Mashua uliyoiacha imegusa mchanga kwa pua tu utaiona inaondoka bila wewe. Ivute mpaka kwenye miti uifunge.

La pili, chini ya maji kuna kuta za mawe zilizojengwa tangu zamani kusukuma mkondo katikati. Huzioni, unaona maji yanajikunja tu mahali pasipo na sababu. Hapo injini huachwa. La tatu, mto unaweza kupanda usiku hata kama kwako mbingu ni nyeupe, mvua imenyesha Minnesota. Panga hema juu kuliko unavyodhani inatosha. Chomeka kijiti penye ukingo wa maji kabla ya kulala, ukiamka kukojoa ukitazame.

Jaketi la kujiokolea uvae, usilikalie. Najua wavuvi. Na leseni ya uvuvi ukate, bwana wanyamapori wa huku hapewi soda.

Shangazi, salaam. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Rochester. Tuko kama arobaini na watoto. Tunataka wikiendi moja ya Julai, mbuzi, ngoma, spika, tulale huko huko. Tuchukue viwanja viwili vitatu?
*Mwenyekiti, Minnesota*

Wa alaikum salaam, mwenyekiti. Viwanja vitatu kwa watu arobaini! Kiwanja cha kawaida ni cha watu sita au familia moja. Mtafukuzwa kabla mbuzi hajaiva. Kinachowafaa ni kambi ya vikundi, ambayo karibu kila hifadhi inayo na watu wetu hawaiulizii. Nyinyi Whitewater iko mlangoni, haifiki saa moja. Hapo ni chini bondeni, kando ya mto mdogo wa maji ya chemchemi, na magenge yamesimama pande zote. Inasifika kwa jambo moja la ajabu kwa mahali pa maji: mbu ni wachache, maana maji ni baridi na hayasimami. Samaki ni trauti, na kuwavua kunahitaji stempu yao, yaani kibali cha ziada juu ya leseni. Kama wazee wengi wenu wanaogopa mahema, ng'ambo Wyalusing wana mabweni ya vikundi yenye vitanda, mnalala wote penye paa.

Mbuzi anunuliwe ameshachinjwa. Maduka ya halali Rochester yapo. Spika iacheni nyumbani, na nasema hivi nikijua nitachukiwa. Sauti bondeni haina pa kwenda. Anayelala nusu maili kutoka kwenu atajua mashairi yenu yote. Saa nne usiku ni kimya, ndiyo sheria ya hifadhi za Minnesota. Ngoma ya mkono saa kumi alasiri na watoto wa Wazungu wakija kucheza, hiyo hakuna atakayewagombeza.

Kuni msibebe kutoka mjini. Kuna mdudu wa kijani anayeua miti ya huku iitwayo ash, anasafiri ndani ya kuni. Nunueni getini au kwa mkulima wa jirani mwenye kibali. Chakula chote, pamoja na mabaki, kilale ndani ya gari, maana rakuni wana vidole na wanajua kufungua kisanduku cha barafu.

Na kwa kuwa mnalala chini, mteueni mtu mmoja asiyelala fofofo awe na simu yenye matangazo ya hali ya hewa. Agosti 2007 mabonde haya haya yalipata mvua iliyoua watu na kuifanya hifadhi hiyo ya Whitewater ifungwe; Hokah, karibu na La Crescent, zilipimwa inchi 15.1 ndani ya saa 24, ambayo kwa Minnesota ni rekodi. Bonde jembamba hujaa kwa dakika. Onyo la mafuriko likilia, hamkunji mahema, mnabeba watoto mnapanda.

Shangazi nasoma Winona, wenzangu wanataka twende Great River Bluffs. Mimi naogopa nyoka na kupe. Niogope au nisiogope?
*Mwanafunzi wa kike*

Nyoka usimwogope, kupe mwogope.

Nyoka mwenye kayamba mkiani yupo kwenye miteremko yenye majani inayotazama kusini, anakotafuta jua. Anajificha, na sheria inamlinda. Usitie mkono kwenye ufa wa mwamba usioona ndani, usikae kwenye jiwe bila kutazama, vaa viatu vilivyofunika kifundo. Ukisikia mchakacho kama wa njugu kavu, simama, tambua mlio umetokea wapi, rudi.

Kupe ndiye mwenye hasara. Yule mdogo, ambaye akiwa mchanga ni mdogo hata kuliko mbegu ya ufuta, huleta ugonjwa wa Lyme, na eneo letu ni kitovu chake kimojawapo. Kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi nimewaona waliougua miaka mingi nyuma na magoti yao bado yanawasimulia. Habari njema ni kwamba kwa kawaida lazima akae ameng'ang'ania zaidi ya siku moja ndipo akuambukize. Kwa hiyo kila jioni mkaguane: nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, nyuma ya masikio, na sisi wenye nywele za kusuka, mstari kwa mstari. Mng'oe kwa kibano, shika karibu kabisa na ngozi, vuta wima polepole. Usimpake mafuta wala kumchoma kwa njiti. Suruali ndani ya soksi, sura ya kuchekesha ndiyo hiyo. Wiki zinazofuata ukiona wekundu unaotanuka au homa, nenda hospitali uwaambie ulikuwa porini.

Kuna na mmea mmoja wa maua ya njano kama mwavuli, unaota kando ya barabara na njia zote za huku. Maji yake yakigusa ngozi na jua likapiga, unaungua malengelenge. Usiuchume kwa ajili ya picha.

Tunaswali. Wanawake watapata maji na faragha?
*Dada wawili, Minneapolis*

Mtapata, mkichagua. Wakati wa kuweka nafasi tazameni kama kambi ina bafu na choo cha maji. Whitewater na Wyalusing zinayo. Kambi nyingine zina choo cha shimo na bomba moja la pamoja, basi chukueni birika lenu. Nendeni kati ya mwishoni mwa Mei na Septemba, nje ya hapo mabomba mengi hufungwa yasipasuke kwa barafu. Alfajiri ya Juni inaingia mapema mno na Isha inachelewa, kwa hiyo usingizi ulalwe mchana. Chagueni kiwanja cha mwisho wa njia, ambako watu hawapiti. Mimi huswali juu ya mkeka wa ukindu niliotoka nao Pangani, na aliyewahi kunisogelea ni kindi tu.

Shangazi, hema, mifuko ya kulalia, jiko, taa... nikipiga hesabu ni mshahara. Kuna njia ya maskini?
*Baba mwenye kazi mbili, St. Paul*

Ipo, baba. Usinunue jiko: kila kiwanja kina pete ya chuma ya moto na wavu wake, na sufuria yako ya ugali inakaa pale bila kuyumba. Mwiko chukua mrefu, moto wa kuni hauna kitufe cha kupunguza. Usinunue mifuko ya kulalia kwa safari ya Julai. Mablanketi ya nyumbani yanatosha, mawili chini na moja juu, kwa sababu baridi inatoka ardhini. Godoro la upepo la wageni unalo tayari. Hema nunua, lakini mwezi wa kumi zinaposhushwa bei, na chukua la watu sita kama mko wanne. Ukilifikisha nyumbani lifungue sebuleni uone kama vyuma vimetimia.

Kabla hata ya hilo, ipigie simu idara ya maliasili ya Minnesota. Wamekuwa wakiendesha mafunzo ya kupiga kambi kwa familia zinazoanza, hema na vifaa vyao, mwalimu wao, wewe unaleta chakula na watoto. Na maktaba ya mtaa wako uiulizie kibali cha gari cha kuazima, kwa sababu getini unalipia kila siku. Nafasi za jimbo lenu hufunguliwa siku 120 kabla, kwa hiyo ukitaka Jumamosi ya Julai anza kutazama mwezi wa tatu. Ukizikosa, tazama Jumatano. Wewe mwenye kazi mbili ndiye mwenye mapumziko katikati ya wiki, na Jumatano bonde lote ni lako.